Mibono Iliyomfunika Mwanangu

Juzi mjukuu wangu kaja mbio na habari. Kasema mbono umerudi. Kuna watu wanazunguka vijijini wanatafuta ardhi ya kuupanda, ati mafuta yake yanaendesha magari. "Bibi, na lile shamba lako la Kerege si limejaa mibono tayari? Wewe tajiri hujijui."

Nikamwambia akae kitako. Mambo haya nimeyasema vipande vipande miaka yote. Leo nayaandika, asije mtu akasema hakuambiwa.

Kwetu mbono ulikuwa mti wa makaburi. Maiti akishafukiwa, kama wenyewe hawana uwezo wa kumjengea, huchomekewa kijiti cha mbono kichwani na kingine miguuni. Kijiti kile hushika hata ardhi ikiwa kavu, na mbuzi hagusi majani yake. Ukipita mahali ukaona mibono miwili imesimama inatazamana, unajua hapo pana mtu. Unamsomea Fatiha, unapita. Haukatwi. Hata kuni hatukuokota chini yake.

Katika shamba la ukoo wa mume wangu, ndani kidogo kutoka barabara ya Kerege, palikuwa na makaburi matatu. La baba mkwe, la mama mkwe, na la mwanangu wa kwanza, msichana, aliyechukuliwa na surua akiwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Yote yalikuwa upande wa muhogo. Nikipalilia, mtoto yuko pale. Nikichoka, nakaa naye. Sikuwa na picha yake wala nguo yake, nguo ilichakaa kwa mdogo wake. Nilikuwa na mibono miwili.

Ukaja ule mwaka Waarabu walipopigana vita na mafuta yakaadimika dunia nzima. Mafuta ya taa ukiyapangia foleni na chupa yako unarudi na chupa yako. Ndipo viongozi wa kijiji wakatuletea bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, kashuka kwenye Landrova, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Tukaitwa mkutanoni. Akamimina mafuta ya mbono kwenye kisosi, akatia utambi, akawasha mchana kweupe.

"Wazee wangu," akasema, "mnalia shida ya mafuta, na mafuta mnayo wenyewe. Mmewapandia wafu!"

Watu wakacheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Akasema tupande mashamba mazima, yeye atanunua mbegu zote, ana wenzake Ulaya wanaleta mashine ya kukamulia. Mama mmoja akauliza, "Na muhogo tutapanda wapi?"

"Muhogo utanunua, mama. Mwenye mafuta hali muhogo."

Wakacheka tena, wajinga wale.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wa shamba. Alikubali hata mkutano haujavunjwa. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Dar, anakuja nyumbani akijisikia. Na mimi wakati huohuo nikapata habari kwamba mama yangu kaanguka Bagamoyo, kavunjika mguu, hana wa kumwinua. Kabla sijaondoka nikamwendea shemeji barazani kwake.

"Shemeji, huo mbono wenu pandeni mpakani. Upande wa muhogo msiguse."

"Wewe nenda kamuuguze mama yako," akanijibu. "Shamba lina wenyewe."

Nilirudi masika yameshika. Nikateremka kwenye basi na kitita changu, nikakata njia ya shambani kabla sijafika nyumbani, kama kawaida yangu, nimsalimie mtoto kwanza. Nikadhani nimepotea. Trekta la kukodi lilikuwa limepita kutoka mwanzo hadi mwisho, ardhi imelazwa kama mkeka. Muhogo wangu mchanga uko kando, lundo, unaoza. Na katika shamba zima vimesimama vijiti vya mbono, mistari kwa mistari, vinachipua. Nikaenda pale. Nikasogea kidogo, nikarudi. Kila nilipotazama, mibono miwili inatazamana.

Nikamkuta shemeji anakula muwa.

"Shemeji, mwanangu yuko wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Nimekuuliza, mwanangu yuko wapi?"

Akatema makapi. "Vijiti ulidhani tutavipata wapi? Mbono uliokomaa ulikuwa makaburini tu. Bwana yule kasema mbegu inachelewa, kijiti kinazaa upesi. Basi kila mtu kakata wa kwao."

"Hata wa mama yako mzazi?"

"Hata wa mama. Maiti anataka dua, hataki mti." Akachubua muwa wake. "Na usinikodolee macho. Ulikuwa na mibono miwili, leo unalo shamba zima. Chagua unaoutaka."

Hivyo ndivyo alivyosema. Sijaongeza neno. Shikamoo sikumpa siku ile, na sikumpa tena, ingawa alikuwa mkubwa wangu na watu walinong'ona.

Mume wangu alipokuja nikamweleza. Akashika kichwa, akasema, "Kaka ndiye mkubwa, tutafanyaje?" Nikamwambia arudi bandarini akabebe mizigo ya watu, maana wa kwake umemshinda.

Na huo utajiri? Mibono ilizaa. Tukachuma, tukaanika, tukabangua, tukajaza ghala la kijiji. Lori halikuja. Mara mashine imekwama melini, mara bwana kasafiri, mara wenzake wa Ulaya wamebadili nia. Landrova hatukuiona tena. Sisi wanawake tukawa tunatunga zile kokwa kwenye njiti za ukuti, tunawasha nyumbani kama walivyofanya bibi zetu, moshi unatutoa machozi. Ndiyo mafuta tuliyoyapata. Mtoto wa jirani alizila akidhani karanga, akatapika kutwa nzima, Mungu tu alimnusuru. Muhogo hapana. Mahindi tukayafuata hadi Lugoba, tena kwa kubembeleza.

Njaa ilipokaza ndipo shemeji akaja shambani na vijana na majembe, ang'oe mibono apande muhogo. Akanikuta nimesimama njiani na panga langu.

"Kulikoni tena?" akasema. "Si wewe uliyeuchukia huu mbono? Leo tunaung'oa, unautetea!"

"Nionyeshe mwanangu alipo, kisha lima kote kulikobaki."

"Upande ule," akanyoosha kidole.

"Upande si kaburi. Jembe la nani litakaloanza kumpiga?"

Vijana wakatazamana, wakaweka majembe begani. Hakuna aliyetaka liwe lake. Shemeji alinitukana mpaka akaishiwa, akaondoka. Shamba likabaki vile, mibono ikawa msitu, sisi tukaomba kipande cha kulima kwa watu.

Baada ya miaka michache shemeji akaugua tumbo, akafa. Kumbe aliusia azikwe shambani, ubavuni mwa mama yake. Wanaume wakaja asubuhi na majembe. Nikawakaribisha vizuri tu.

"Haya, chimbeni. Mama yake yuko wapi?"

Mzee mmoja akaingia kwenye mibono, akapotelea humo, akatokea upande wa pili anajikung'uta majani. Mwingine akasema pale palipoinuka, mwingine akambishia. Mume wangu akatazama chini.

"Mkimkosa mama yake mkamfukua mwanangu," nikawauliza, "mtanijibu nini?"

Maiti hangojeshwi. Wakaenda kumzika kwenye makaburi ya barabarani, kati ya watu asiowajua. Kabla ya kuondoka, mmoja akarudi kuniomba vijiti viwili vya kumchomekea.

"Ipo mingi," nikamwambia. "Chagua unaoutaka."

Walionisikia walisema nina roho mbaya. Ninayo. Ila kila Ijumaa huenda Kerege nikasimama mwanzo wa shamba, nikamsomea mwanangu nikilitazama lote, kwa kuwa sijui uso niuelekeze wapi. Na kwa kuwa sijui, wakwe zangu nao hupata, na shemeji hapati.

Basi, mjukuu wangu, hao wenye magari wakija usinitajie bei. Waulize nilichomuuliza babu yako mkubwa. Atakayenionyesha mwanangu alipo achukue shamba lote, aniachie pale tu.