Ndigana Ipi?

Mwaka ule chuo kilifungwa baada ya mgomo wetu, nikarudi nyumbani Samuye na begi la vitabu na hasira isiyo na pa kwenda. Baba alikuwa ameshafariki. Wadogo zake walikuwa wamegawana ng'ombe wake wote, wakamwachia mama mmoja tu, jike jekundu mwenye pembe iliyovunjika. Mimi nilihoji mgawanyo ule mbele ya ukoo mpaka nikaambiwa nikae chini. Mama hakuhoji. Alimkamua yule mmoja asubuhi na jioni, na hakuwa na kitu kingine duniani alichoweza kukiita chake.

Wiki ya pili ng'ombe akaacha kula. Alisimama zizini akitetemeka, machozi yakimtoka.

"Ni ndigana," mama alisema. "Kamwite bwana mifugo."

Bwana mifugo, afisa wa serikali wa vijiji vyetu, nilimkuta mezani kwake. Pikipiki haina mafuta, aliniambia, atakuja kesho kutwa. Basi niandikie barua ya kununulia dawa, nikamwomba. Akasema haandiki dawa ya mnyama ambaye hajamwona, na dawa ya sindano si ya kila mtu kuchoma. Nilimwona sawa na wale waliotufungia chuo: mtu mwenye mhuri, asiye na kazi nyingine ila mhuri wake. Nikapanda gari kwenda mjini.

Duka la dawa za mifugo lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapo hapo Shinyanga, aliyezungumza Kisukuma vizuri kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee. Naomba dawa ya sindano ya ndigana."

"Marahaba. Barua ya bwana mifugo iko wapi?"

"Hana mafuta."

"Kwani barua anaandika kwa petroli?"

Wateja wawili walicheka. Nikamwambia dawa hiyo hiyo inauzwa gulioni, imeanikwa juani juu ya kiroba, bila barua wala swali. Sheria inayomwacha mlanguzi ikamkamata mjane ni sheria ya nani? Niliendelea hivyo mpaka akachoka.

"Haya, msomi. Ndigana ipi? Kali au baridi?"

Sikujua kwamba ziko mbili. Mama alisema ndigana, basi. Ningeweza kujibu kwamba sijui. Nikamkumbuka ng'ombe anavyotetemeka, nikasema, "Baridi."

Akanipa chupa ya dawa ya njano na bomba la sindano. "Maziwa yake mwaga wiki nzima," alisema. "Na akichinjwa kabla ya mwezi kwisha, nyama msile."

Jioni ile mama aliitazama chupa bila kuigusa. "Mayu," aliniita, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama, ambalo kwetu huitiwa pia binti, "una hakika?" Nikamsomea kibandiko, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Mstari uliosema dawa itumike kwa agizo la daktari wa mifugo niliuruka.

Nilimchoma ng'ombe shingoni asubuhi tatu mfululizo. Baba mdogo, mmoja wa wale waliogawana ng'ombe wa baba, ndiye aliyemshika pembe. "Njooni muone!" aliwaita majirani. "Daktari wa vitabu anatibu!" Maziwa kidogo yaliyotoka mama aliyamwaga nje ya zizi, watoto wa baba mdogo wakitazama.

Siku ya tatu, mchana, bwana mifugo akafika. Alikuwa amechelewa siku moja, na alikuja kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni. Alipeleka mkono chini ya sikio la ng'ombe, kisha mbele ya bega.

"Tezi zimevimba kama maembe. Hii ni ndigana kali. Dawa yake ni nyingine kabisa, na ilitakiwa mapema." Akaiona chupa. "Nani kachoma hii?"

"Mimi," mama alisema.

"Wewe mama, hata kusoma hujui, unachoma sindano? Umemuua ng'ombe wako mwenyewe."

Baba mdogo alinitazama akitabasamu. Mimi, niliyekuwa na maneno kwa kila mtu, niliinama nikaokota bomba la sindano.

Kesho yake ng'ombe alilala chini, povu puani. Baba mdogo akaja na mchuuzi aliyekuwa akipeleka nyama kwa wachimbaji wa dhahabu, huko Geita. Mchuuzi alivuta kamba yenye ndama jike. Angemchinja mgonjwa kabla hajafa, na ndama angebaki kwa mama.

"Amechomwa dawa huyu?" aliuliza, kama anayeulizia mvua.

"Dawa ya wapi," baba mdogo alisema. "Muulize msomi."

Wote wakanigeukia. Nilijua jibu. Nilimtazama pia yule ndama.

"Hajachomwa," nikasema.

"Amechomwa," mama alisema. "Siku tatu. Ya mwisho jana asubuhi."

"Shemeji! Wale wachimbaji wanakula hata mawe!"

"Wana mama zao."

Mchuuzi alimsonya baba mdogo kwa kumpotezea siku, akavuta kamba yake, ndama akamfuata.

Ng'ombe alikufa kabla ya saa sita. Baba mdogo hakushika jembe. Tulichimba shimo mama na mimi, majirani wamesimama wakitutazama tukifukia nyama kama wendawazimu. Mama alipomaliza kusawazisha udongo kwa mguu, alisema bila kunitazama:

"Ule uvimbe wa chini ya sikio niliuona siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisomea chupa."