Panya Niliowapima na Kaka Nisiyempima

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku kaka yangu Hamisi aliponifuata kazini akashindwa kupanda ngazi.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimeajiriwa kutunza panya katika maabara moja ya utafiti. Panya wale walitolewa figo moja, wakanyweshwa maji ya chumvi ili presha iwapande, kisha nusu yao wakapewa dawa iliyokuwa ikijaribiwa. Kila asubuhi niliwafunga kipimo mkiani, nikaandika. Kwa macho usingejua kama wanaumwa. Wanakula, wanakimbizana, manyoya yanang'aa. Lakini tukija kuwapasua, wale wasiopata dawa moyo umenenepa kuta, mwingine umetanuka na kulegea.

Hamisi ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Alikuwa kuli bandarini Kurasini, mtu wa kubeba gunia begani huku anapiga soga. Siku hiyo alisimama ngazi ya nne, ameshika ukuta, anahema, miguu imevimba mpaka kandambili zimemwachia alama. Nikamuuliza, akasema ni uchovu. Nikanyamaza. Kaka mkubwa humwambii jambo mara mbili, ndivyo nilivyolelewa.

Mzee Nampoto, fundi wetu wa maabara, alikuwa akitutazama. Hamisi alipokwenda kukaa nje, mzee akaniita kando.

"Panya unampima kila siku. Kaka yako umempima lini?"

"Hataki, mzee. Anasema kupimwa ni kujitafutia ugonjwa."

"Na panya anataka?"

Nikaahidi kumpeleka zahanati Jumatatu. Jumatatu ikafika, Hamisi akasema kuna meli imeingia, tungoje wiki ijayo. Nikwambie kweli, nilipumua, maana nilikuwa naogopa kumkera. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alhamisi wenzake wa bandarini walikuja nyumbani Temeke, kofia mkononi. Alikuwa ameanguka katikati ya makontena, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Wifi yangu, mimba ya miezi saba, ndiye aliyewafungulia mlango.

Siku ya tatu ya matanga aliniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Yule mtoto wa tumboni sasa ni mtu mzima, na mama yake sijamjibu.

Niliporudi kazini, zamu yangu ilikuwa kupima uzito wa mioyo. Niliushika mmoja kwa koleo, mkubwa kupita kiasi, mkono ukagoma kuuweka kwenye mizani. Mzee Nampoto akaupokea, akaupima mwenyewe, akaandika. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Mwanangu, presha haipigi hodi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie naongeza kwamba anayeyaona kwa nduguye akanyamaza kwa haya, naye ana sehemu yake. Kumheshimu mkubwa si kumwacha afe. Mshike mkono baba yako, mama yako, kaka yako, umpeleke akapimwe. Akipewa dawa, mkumbushe kuzimeza hata siku anapojiona mzima, maana hapo ndipo wengi huziacha. Akikununia, mvumilie. Kununa huisha.

Mungu akupe ulimi usioogopa kumwambia kweli umpendaye, na akuwekee wakubwa wako mpaka uchoshwe na hadithi zao. Amina.