Mbuzi wa Mahari ya Kavira

Msiniulize jina. Nilimkosea dada yangu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikivisingizia vita. Leo nimechoka kudanganya.

Kwetu, milimani juu ya Butembo, mahari ni mbuzi. Na mbuzi hao hawauzwi ovyo, maana ndoa ikivunjika ni lazima warudi kwa waliowatoa. Wasiporudi, mwanamke hayuko huru. Baba alipofariki, mbuzi wa dada yangu mdogo, nitamwita Kavira, walibaki mikononi mwangu. Walikuwa mbuzi wetu wa kienyeji, wafupi, matumbo duara, wagumu kama mawe ya mtoni.

Niliwaonea aibu.

Siku moja akapita mchuuzi kutoka Beni na mbuzi warefu, weupe, masikio yakining'inia hadi shingoni. Akawatazama wangu, akacheka.

"Ndugu, hii ni mbuzi ao ni panya?"

"Ni ya mahari ya dada."

"Mais justement, ndiyo hiyo nasema. Siku bakwe banapita hapa, banasema dada yako alitolewa kwa panya."

Nikabadilishana naye wote, wangu wawili kwa mmoja wake. Mama alinung'unika, "Hizi mbuzi hazijue majani ya huku." Nikamjibu kwamba majani ni majani. Kavira, aliyekuwa kwa mumewe upande wa Lubero, sikumpelekea hata neno.

Wakati huo askari walikuwa wanapita barabarani, wakichukua kila chenye kwato. Kijiji kizima tukaficha mifugo bondeni, penye majani mabichi yasiyokauka umande. Minyoo inapenda pale. Mbuzi wa majirani waliila pamoja na majani, wakaendelea kuruka. Miili yao iliizoea tangu kwa bibi zao. Wangu hawakuwa na kinga hiyo. Manyoya yalisimama, uvimbe laini ukaning'inia chini ya taya. Nilipofunua kope, ndani palikuwa peupe, kama mnyama hana damu. Mmoja alipokufa nilimpasua: tumboni, minyoo myembamba kama nyuzi nyekundu, imejaa.

Nilishuka Butembo kutafuta dawa. "Barabara imefungwa, donc dawa hakuna," akasema muuzaji. Wakaisha mmoja mmoja. Nami nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba vita vikiisha nitanunua wengine.

Ndipo Kavira akatokea mlangoni, jicho moja limeziba kwa kipigo.

"Yaya, kaka yangu, barudishie mbuzi zabo. Kule mi hapana rudia tena. Ataniua."

Nilimwambia aketi, ale. Habari ya zizi nikamficha.

Nilizunguka kwa majirani kuomba. Walinihurumia, lakini kila mbuzi aliyesimama kijijini alikuwa mahari ya binti wa mtu.

Baba mdogo wa mume wa Kavira akafika na wanaume wawili. Aliongea kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi.

"Hatukuje kugombana. Mulikula mbuzi, murudishe mbuzi. Ao bibi arudie kwa bwana yake."

Kavira akanitazama, akingoja niende zizini. Sikuinuka. Akaenda mwenyewe. Alipotoka, alikuwa anafunga kitenge chake upya, polepole.

"Mbona haukuniambia, yaya? Ningekimbilia kwa shangazi, mu Bungulu ya Beni. Kule habangenifikia."

Akatangulia mbele yao kwenye njia ya Lubero. Mvua za pili za mwaka ule hazikuwa zimeanza tulipoitwa kwenda kumzika.

Ewe uliyeachiwa mbuzi wa dada yako, ukitamani mbuzi mgeni, mlete mmoja, umwache ale majani yako msimu mzima kabla hujawatoa wale waliozaliwa humo. Na kama umeshakosea kama mimi, usingoje vita viishe. Mtafute leo, umwambie zizi ni tupu, ili siku ya kukimbia ajue asikimbilie kwako.