Kofia ya Baba Akinyi na Nyasi za Delft

Hili nilijaribu kulificha kwa siku mbili tu, kisha binti yangu Akinyi akatuma picha kwa shangazi yake aliyeko Rangwe, na Rangwe ikishajua basi Uriri kwetu nayo imejua, kwa hivyo afadhali niseme mwenyewe vile ilivyokuwa. Mimi, mjane wa miaka hamsini na minane, mtu wa kanisa, niliingia ndani ya mfereji katikati ya mji wa Delft kule Uholanzi, mchana, watu wakitazama, na aliyenitoa ni mkwe wangu.

Wanaojua mila zetu Wajaluo wameshashika kichwa hapo penye mkwe. Wengine niwaeleze. Mume wa binti yako mnaheshimiana kwa mbali: hamkai pamoja, hamshikani mikono, hulali nyumbani kwake (Akinyi alinitafutia chumba kwa jirani, mama mmoja mzee mwenye paka watatu), na zaidi ya yote huli chakula mbele yake. Joost, huyo mkwe, alipoleta ng'ombe wa mahari Uriri alifundishwa haya yote na akayashika kuliko vijana wetu wenyewe. Nilikuwa nimekaa mjini kwao siku tisa na hakuna hata mara moja aliyoniona nikitafuna.

Sasa kofia. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa Waholanzi fulani waliokuwa wakichimba visima kule Homa Bay, na mmoja wao alimsimulia kwamba kwao kuna mji ambao barabara zake ni maji na mashua hupita mlangoni mwa mtu. Akaja nyumbani na hadithi hiyo, akaitoa wakati wa chakula mbele ya ndugu zake, na mimi nikacheka mpaka nikaweka sahani chini. Nilimwambia, "Baba Akinyi, hao wamekudanganya ili uendeshe gari ukiwa na furaha." Wote wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo, kisha hakuitoa tena hadithi ile mpaka alipofariki, na hiyo ni miaka mingi.

Mimi si mtu wa kulia kwa sauti. Hata matangani nilikaa kimya mpaka wengine wakanisema kwamba sina uchungu. Lakini Akinyi aliponiambia amenikatia tikiti, kitu cha kwanza nilichoweka kwenye begi ni kofia ya baba yake, ile ya kahawia aliyoivaa kwenye gari, kwa sababu nilitaka kuifikisha pale mbele ya maji na kuiambia kwamba alisema kweli, mimi ndiye niliyekosa. Hilo tu ndilo lililonipeleka. Majumba na makanisa niliyatazama kwa adabu.

Basi siku hiyo tulizunguka Delft tangu asubuhi, mifereji kila upande, madaraja, baiskeli nyingi kuliko watu, na mimi nimeshika kofia nikingoja nafasi ya kuwa peke yangu, maana nani anaongea na kofia mbele za watu? Saa sita tukafika uwanja wa soko. Joost akanunua samaki wa kukaanga na chipsi, pakiti tatu, akatuachia mimi na Akinyi benchi, yeye mwenyewe akaenda kukaa mbali kidogo na kutugeuzia mgongo ili nile kwa amani. Mtoto wa watu alifanya kila kitu sawa. Ni mimi niliyeona kwamba hata mgongo wake uko karibu mno. Nikamwambia Akinyi nakwenda kuangalia kanisa kwa upande wa nyuma, nikaificha pakiti yangu ndani ya leso, nikaondoka.

(Uamuzi mbaya wa siku ile ni huo mmoja tu. Mengine yote yalijileta.)

Nyuma huko nikapata kijia kitulivu na ngazi za mawe zinazoshuka, na chini ya ngazi kuna nyasi nzuri za kijani. Nikasema hapa nitakula na hapa nitasema na mzee. Nikakaa ngazi ya mwisho.

Mtaniuliza mtu aliyezaliwa kando ya ziwa Homa Bay anakosaje kujua maji. Niulizeni, ni haki yenu. Mimi magugu maji nayajua, nimeyaona yakifunika ziwa mpaka mashua zikakwama, lakini yale ni marefu, yana maua, na wimbi likipita chini yake yanacheza. Haya ya Delft yalikuwa mafupi na yamelala sawasawa kama nyasi za mbele ya ofisi za kaunti zikishakatwa, na hayakutikisika hata kidogo. Bata alikuwa amekaa katikati. Bata hukaa hata kwenye nyasi.

Nilikuwa kwenye kipande cha pili cha samaki ndege mmoja mkubwa mweupe aliponishukia. Nikampiga kwa kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi ni kofia. Ndege akaenda na samaki. Kofia ikaniponyoka, ikatua kwenye zile nyasi, hatua mbili kutoka kwangu, ikakaa vizuri kama imewekwa mezani. Nikainuka kwenda kuiokota, tena kwa hatua kamili ya mtu anayejua aendako.

Maji yalinifika kifuani, baridi ambayo sina jina lake. Ukelele wangu ulikuwa mmoja tu, lakini bata alimalizia mwingine wote, na kufumba na kufumbua ukingo umejaa watu, Akinyi mbele yao, na Joost tayari ndani ya maji ananijia mikono imenyooka.

"Usinishike," nikamwambia. "Wewe ni mkwe."

"Mama, shika mkono wake," akasema Akinyi.

"Sishiki."

"Mama, unazama."

"Sizami, nimesimama."

Na kweli nilikuwa nimesimama, tatizo ni kwamba tope lilikuwa limeshika miguu yote miwili na koti la Akinyi nililovaa limekunywa maji mpaka limekuwa zito kama gunia la mahindi. Joost hajui Kiswahili ila maneno mawili. Aliyasema yote mawili, "Mama, pole," kisha akanikumbatia kwapani na kuning'oa kama muhogo. Viatu vilibaki chini. Leso ilibaki chini. Kitambaa cha kichwa sijui kilikwenda wapi. Watalii waliokuwa juu ya daraja wakapiga makofi, nami nimetapakaa vijimajani kama punje za dengu mpaka kwenye nyusi.

Mnadhani aibu imeisha? Nguo kavu pale zilikuwa jozi moja tu, suruali ya mazoezi na sweta iliyokuwa kwenye begi la Joost. Yeye mwenyewe alikuwa akichuruzika maji na akatoa vyote bila kujibakizia. Nikavaa suruali ya mkwe wangu katika choo cha mkahawa, nikaikunja miguuni mara nne, nikatoka nikitazama sakafu.

Akinyi akasema twende stesheni haraka kabla sijashikwa na homa. Nikamwambia siondoki. Kofia ilikuwa bado huko juu ya kijani, inasogea polepole kuelekea chini ya daraja. Akaniambia atanunua nyingine nzuri zaidi. Hapo ndipo nilipomwambia habari ya sahani na kicheko, habari ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Kisha akamgeukia mumewe akasema naye kwa lugha yao, kidogo tu.

Joost alirudi akashuka zile ngazi, akaingia tena mpaka kidevuni, akaifuata kofia hadi kwenye kivuli cha daraja. Alipotoka nayo hakunipa mkononi. Alisimama hatua tatu kutoka nilipo, mtu aliyenikumbatia nusu saa iliyopita, akaiweka juu ya jiwe taratibu, akarudi nyuma na kuinamisha macho.

Nikaichukua, nikaivaa vilevile inachuruzika. Watu walikuwa bado wamejaa na sikujali.

"Baba Akinyi," nikasema, "ni kweli. Barabara ni maji. Nimeingia mwenyewe nikapima."

Kisha nikaomba chipsi, kwa kuwa zangu zililiwa na bata, nikala palepale mkwe wangu akiwa kwenye benchi la pili, na dunia haikupasuka.

Picha aliyoipiga Akinyi iko ukutani kwangu, na akina mama wa kanisa wakija wanauliza suruali ni ya nani. Nawaambia. Kula kwa kujificha nimeacha kabisa, na nyasi nisizozijua nazichokoa kwa fimbo kwanza. Suruali nimeifua na kuipiga pasi, inangoja tu mtu wa kuipeleka, maana mimi mwenyewe, kwa heshima, siwezi kumpa mkononi.