Saa Iliyotuma Picha

Mshonaji aliacha kibanda chake sokoni mama yake alipopooza upande mmoja. Akahamishia cherehani karibu na kitanda cha mgonjwa, akawa anashona huku anamgeuza, anamlisha na kumwosha. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake mkubwa, na kaka aliishi mji mwingine na mkewe. Kaka ndiye aliyewawekea intaneti ya Wi-Fi nyumbani, kisanduku chake ukutani, ili mdogo wake aweze kuwaonyesha wateja nguo kwa simu ya video. Siku hiyohiyo alitundika saa mpya ukutani, mkabala na kitanda, mama asipotewe na majira.

Mshonaji alizoea kutania kwamba kaka amemletea wifi wawili, mmoja wa kuolewa na mmoja wa ukutani, na wa ukutani ndiye anayeshinda naye.

Baadaye intaneti ikaanza kusuasua. Mteja akionyeshwa gauni, picha inaganda. Mshonaji akampigia fundi wa kampuni, naye akamwelekeza namna ya kuingia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, kwa simu yake na kuona kila kifaa kinatumia kiasi gani. Alitarajia kumkuta jirani anadoea. Alichokuta ni vifaa viwili: simu yake, na kingine kisicho na jina. Hicho kingine hakikupokea kitu cha maana. Kilikuwa kinatuma data nje mfululizo, mara nyingi zaidi ya simu yake. Fundi akamwambia kama hakijui, akifungie. Akabonyeza.

Hajamaliza hata kutunga uzi kwenye sindano, kaka akapiga. Kaka huyu ambaye salamu zake huja kwa ujumbe, tena kwa nadra. Aliuliza kama umeme umekatika, akauliza kama mama yuko salama, kisha akauliza kama saa imeanguka.

Mshonaji alipanda kigoda, akaiteremsha saa. Kwenye namba kumi na mbili palikuwa na jicho dogo jeusi la kamera. Akaketi kitandani. Mbele ya saa ile alimvua mama nguo kila asubuhi. Mbele yake alilia peke yake, na siku moja alimfokea mama kwa kumwaga supu.

"Sikukushuku, dada," kaka alisema. "Wifi yako alisikia habari za watu wanaotesa wagonjwa. Mimi nilitaka kumwona mama tu."

"Ukitaka kumwona mama, njia unaijua."

Akakata simu. Alikusudia kuivunja saa vipandevipande, lakini mama alikuwa amesikia yote. Ulimi wake ulikuwa mzito, ikambidi arudie mpaka aeleweke.

"Rudisha," alisema. "Mwanangu ananiona."

Binti alibishana naye, akamweleza aibu waliyotendewa wote wawili. Mama akalia tu. Mwishowe saa ikarudi ukutani na kile kifaa kikafunguliwa, ila mshonaji alishona kifuniko cha kuiziba wakati wa kumwosha.

Tangu hapo mama akataka kuchanwa nywele kabla ya chai. Aliitazama saa, na upande wa mdomo uliobaki mzima ukajaribu kutabasamu. Mshonaji naye akawa haachi kuchungulia ruta, kwa kuwa fundi alimweleza kwamba kamera ya aina ile hutuma picha pale tu mtu anapoifungua kwenye simu yake. Mwanzoni ilituma kidogo. Kisha haikutuma kabisa. Kaka aliyekuwa akichungulia mchana kutwa kwa siri, alipojua kwamba anajulikana, hakutazama tena.

"Ameniona leo?" mama aliuliza kila jioni.

"Amekuona, mama. Amesema umependeza."

Alimwandikia kaka kumwomba afungue hata mara moja. Kaka akajibu kwamba kazi zimembana.

Mama alifariki adhuhuri moja, uso wake umeelekea saa, na upande wa pili wa kamera hapakuwa na mtu.

Kaka alikuja kuzika. Alilia mpaka watu wakasifu mapenzi yake kwa mzazi. Walipobaki wawili, akauliza kama mama alimtaja. Mshonaji alimweleza yote, polepole, bila kuinua sauti. Kulipokucha kaka akaondoka, na hawajazungumza tena.

Mshonaji amerudi sokoni. Wateja wake wengi walikwishahamia kwa wengine. Anaanza upya, kwa kutia viraka na kupunguza suruali.