Pikipiki Niliyosema Nimetoka Nayo Bukoba

Mkasa huu sijawahi kuusimulia wote. Kipande cha mwanzo, cha kuangukia makaa, nimekisimulia mara nyingi na watu wamecheka mpaka wakashika mbavu, nami nimecheka nao, ila nikifika pale mwanajeshi anapotokea huwa nasema "basi, ikaisha hivyo" halafu naulizia chai. Haikuisha hivyo. Leo nakwenda nayo mpaka mwisho, na mkishanicheka mtaelewa kwa nini nilikuwa nakatisha njiani.

Ilikuwa mwishoni mwa 1994, hapa Kigali. Mimi nilizaliwa Bukoba, wazazi wangu ni Wanyarwanda waliokimbia zamani, na wakati huo nilikuwa na miezi mitatu tangu nirudi (nasema kurudi, ingawa nilikuwa sijawahi kuikanyaga nchi hii hata siku moja). Mauaji ya kimbari yalikuwa yamekoma Julai. Nyumba nyingi zilikuwa tupu, na watu walikuwa wanaingia kila siku kutoka pande zote, kila mmoja na Kiswahili chake na magodoro yake juu ya gari. Nilipata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya serikali, kupeleka barua huku na huku, na nilipata kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa na pikipiki.

Sasa barabara zenyewe zilikuwaje? Rwanda gari linapita kulia. Waliotoka Burundi na Zaire wamezoea kulia, waliotoka Uganda, Tanzania na Kenya tumezoea kushoto, na wote tulimwagwa humo siku moja bila mtu wa kutukumbusha. Wengine walikuwa wanakwenda vizuri kabisa asubuhi nzima, halafu wakipiga kona moja tu, mikono inakumbuka Kampala na gari linahamia upande wako. Na hao walau walikuwa wanatazama mbele. Kulikuwa na wale wanaotafuta nyumba, mtu ambaye mama yake alimwambia tangu utoto kwamba kwao ni pale penye kanisa na miti mitatu, basi anaendesha shingo iko nje ya dirisha akihesabu miti. Kulikuwa na wale wanaoona rafiki wa shule waliyepotezana naye miaka kumi, mmoja anasimamisha gari katikati ya lami, anashuka, wanakumbatiana, mlango uko wazi, na wewe na pikipiki yako unakuja mteremko.

Nikawa sina imani na mtu. Niliwashuku waliowasha indiketa (anawasha ya nini, kuna nini?), nikawashuku ambao hawakuwasha, nikayashuku hata magari yaliyoegeshwa, kwa sababu mlango wa gari lililoegeshwa ndio unaokata mtu shingo. Nilijiambia kila dereva anataka kuniua mpaka anipite, na akishanipita namtazama tena kwenye kioo, nihakikishe hajabadili mawazo. Kichwani nilivaa kofia ngumu ya wachimba madini niliyoifunga kidevuni kwa kamba ya katani. Watoto walikuwa wananicheka, nami nikawashuku na wao.

Fundi wangu alikuwa Mzaire mmoja wa Kimisagara tuliyemwita Papa Mado, na yeye ndiye aliyenifundisha kitu cha maana. Aliniambia, akiniita mdogo kwa Kifaransa, "Petit, usiangaliaka gari. Gari haina na akili. Angalia kichwa ya shoferi. Kwenye kichwa inaangalia, ni kule gari itaenda." Nilifuata ushauri huo wiki mbili na sikuguswa hata na baiskeli. Kisha nikajiona nimehitimu, nikaongeza ujanja wangu mwenyewe. Nikaanza kusoma namba za magari. Namba za Burundi, huyu atakaa kulia, mwachie. Namba za Uganda, huyu muda wowote atahamia kwangu, mkwepe mapema. Niliona ni akili nyingi sana, nikashangaa wengine hawaioni.

Siku yenyewe nilikuwa nateremka kutoka Kicukiro kuelekea Kagarama, saa nne asubuhi, nina bahasha kifuani. Mbele yangu pikapu nyeupe inapanda. Namba za Uganda. Nikasema moyoni, wewe nakujua. Na bila kumtazama dereva kichwa wala pua, nikahama upande wa kushoto kabisa, nimpishe kwa sababu yeye atakuja kulia kwangu. Nilikuwa hata nimeanza kujipongeza.

Hakuja. Alikuwa upande wake, pale pale panapotakiwa, na sasa mimi ndiye niliyekuwa upande wake pia. Nikamwona usoni kwa mara ya kwanza. Mzee wa miwani, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, nadhani dereva pekee mjini siku ile aliyekuwa anatazama barabara. Yeye akakata kulia na gurudumu likaingia mtaroni, mimi nikakata kushoto, mpini ukagusa bampa, na kilichofuata nilikiona kutoka juu. Pikipiki ilikwenda kwake na mimi nikaenda kwangu, na kwangu ilikuwa kwenye magunia ya makaa ambayo akina mama walikuwa wanauza pembeni. Magunia mawili yalipasuka. Kofia ya wachimba madini iligonga jiwe ikapasuka vipande viwili vilivyo sawasawa, na bila ile kofia leo msingekuwa na wa kumcheka.

Ningelala pale nikaugulia, yangeisha. Lakini niliinuka. Uso mweusi tii, meno na macho tu ndiyo yanaonekana, suruali imechanika kuanzia mfukoni hadi gotini, nikamwendea yule mzee nikimnyooshea kidole. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba watu wanatoka Uganda hawajui kuendesha. Mzee akashuka polepole, akafuta miwani.

"Mimi nimetokea Bujumbura, kijana," akasema. "Nimezaliwa kule, nimejifunza gari kule, kulia. Na hapa nilikuwa kulia. Wewe ulikuwa unaenda wapi?"

Watu walikwisha kujaa, na wakacheka. Hapo ndipo nilipozidisha. Nikamwuliza, kama wewe ni wa Bujumbura, hili gari la Uganda umelitoa wapi? (Wakati ule swali hilo lilikuwa kama kumtemea mtu mate. Vitu vingi mjini vilikuwa vimebadilisha mikono, na kila mtu alimtazama mwenzake alichovaa, alichopanda, alikolala.) Nikasema, tunawajua ninyi, mnaokota magari ya watu. Nikageuka kwa umati nikawaambia aonyeshe karatasi. Umati ukapenda, ukaitikia, karatasi, karatasi. Kicheko kilichokuwa changu kikahamia kwake, na sitasema uongo, nilifurahi.

Mwanajeshi akaja kutoka kwenye njia panda, kijana mrefu, Kiswahili chake cha Uganda. "Nini iko hapa?" Tukaeleza wote pamoja. Akanyoosha mkono kwa mzee. Mzee akatoa karatasi kwenye bahasha ya nailoni, zimekunjwa vizuri, kanunua pikapu kwa shemeji yake, mihuri yote iko. Mwanajeshi akazisoma, akarudisha, halafu akanigeukia.

"Na wewe? Makaratasi ya piki iko wapi?"

Hapo niwaambieni ukweli ambao hata ofisini hawakuujua. Pikipiki haikuwa yangu. Niliikuta Kagarama, katika stoo ya nyuma ya ile nyumba niliyokuwa nimepewa kukaa na jamaa wengine wa Bukoba, imefunikwa magunia, haina namba. Nilijiambia mwenyewe akitokea nitampa. Kisha nikampelekea Papa Mado akaitengeneza, na watu walipouliza, nikasema nimetoka nayo Bukoba. Nikasema mara nyingi hivi kwamba safari yenyewe nilikuwa naikumbuka, vumbi lake na mvua iliyoninyeshea mpakani Rusumo.

Nikamwambia mwanajeshi kwa Kiswahili changu chote cha Bukoba, "Afande, nimetoka nayo Tanzania. Kadi imebaki kwa baba, na kibao cha namba kiling'oka njiani." Akaniangalia uso wa makaa, akaanza kutabasamu. Lafudhi ilinisaidia, ilikuwa kama kitambulisho.

Ndipo mama mmoja akachuchumaa karibu na pikipiki. Alikuwa mmoja wa wale wauza makaa, mwembamba, kanga kichwani, na nilidhani anataka kudai magunia yake. Akashika kile kichuma cha nyuma ambacho abiria anaweka mguu. Kilikuwa kimezungushiwa mpira wa kandambili, umefungwa kwa waya. Mimi nilikuwa naukanyaga kila siku bila kuujali.

"Hii mume wangu alifunga," akasema. "Mguu yangu ilikuwa inateleza. Akakata kandambili yake, akafunga."

Wenzake walimwita Mama Solange, wa Gahanga. Mwanajeshi akaniuliza kwa macho. Na mimi, jamani, mimi niliyekuwa nashuku dunia nzima, nikasema bila hata kukohoa, "Hapana, mama. Huo mpira nimeufunga mimi. Nilimfungia dada yangu, kule Bukoba."

Nilimpa hata jina dada.

Mama Solange akaendelea kuutazama ule mpira kidogo. Kisha akaachia, akasimama, akapangusa mikono kwenye kanga. "Mbabarira, mwanangu," akasema, akiniomba msamaha, mimi. "Mimi naangalia pikipiki zote. Kila moja inapita, naangalia. Sitaki piki, piki ya nini? Alitoka nayo asubuhi mwezi wa nne, hakurudi. Nilifikiri nikijua imetoka wapi, nitajua yeye aliishia wapi." Mwanajeshi akaniambia, "Sawa, enda." Mzee wa miwani akaanza kuangalia gurudumu lake. Mama akarudi kuokota makaa yaliyomwagika, moja moja, akiyaweka kwenye beseni.

Nilikuwa nimeshaachiwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua pikipiki na kuikokota. Nikaiinua. Ila kila nikitaka kupiga hatua namwona yule mama ameinama, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada, mpaka nikailaza tena pikipiki chini.

Nikasema, "Mama, nimeiokota Kagarama." Hakusikia. Ikabidi niseme tena, kwa nguvu, mbele ya umati ule ule nilioupigia kelele za karatasi. "Sikutoka nayo Bukoba. Dada yangu hajawahi kuipanda. Nimeikuta stoo, Kagarama, nyumba ninayolala."

Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke. Mwanajeshi alinishika kola, halafu akaniachia kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Mwanamke mmoja akafyonya. Mzee wa miwani, niliyemwita mwizi si nusu saa iliyopita, alinipita akaenda kwenye pikapu yake. Aliomba watu wamsukume kutoka mtaroni, akapandisha pikipiki nyuma ya pikapu, akamfungulia Mama Solange mlango wa mbele na kumwambia, "Ingia, mama, twende atuonyeshe." Mimi nilikaa nyuma na pikipiki, na njia yote ya Kagarama watu walikuwa wananitazama na makaa yangu.

Niliwaonyesha stoo. Mama Solange aliingia, akatoka, hakukuwa na kitu zaidi ya magunia. Akaenda kwenye ua wa jirani, bibi mmoja ambaye kwa miezi mitatu nilikuwa namsalimu juu juu tu kwa sababu nilimshuku (anachungulia nini huyu?). Waliongea kwa sauti ya chini. Kisha bibi akamshika mkono akampeleka nyuma ya migomba, hatua chache kutoka dirisha la chumba ninacholala, akamwonyesha mahali mumewe alipofukiwa. Mzee wa miwani alivua kofia. Mimi nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama.

Tulimzika mumewe Gahanga wiki iliyofuata, na pikapu ile ile ndiyo iliyombeba. Nilichimba na wengine. Baadaye, wakati watu wanakunywa chai, Mama Solange akaniita nikae karibu naye. Nilijua atanisema, na nilitaka aniseme.

"Pikipiki nitamwuzia mtu," akasema. "Lakini ungeuliza majirani siku ulipoipata, ungesema tu ukweli, ningekuachia. Mimi sijui kuendesha."

Alisema hivyo bila hasira, huku akinimiminia chai. Sijapanda tena pikipiki isiyo na karatasi, na sitapanda. Barabarani bado nawachunga madereva, natazama vichwa vyao kama Papa Mado alivyosema, hilo sijaacha. Ila kitu nisichojua kilikotoka nakiulizia kwa majirani kabla sijakigusa, na mtu akinisimamisha na kuniuliza hiki umekitoa wapi, namjibu ilivyo, hata kama watu wamejaa.