Mbawa Hakutoroka

Nimekipata, ndugu yangu. Kilikuwa kwenye meza ya vitabu vya mitumba mjini Mwanza, kimebanwa kati ya kitabu cha mapishi na kamusi isiyo na herufi za mwanzo. Nilimtambua mwanamke wa jalada mara moja, yule mwenye taa kifuani. Tulimwita Mama Taa. Pembeni yake, kwa herufi kubwa, paliandikwa kwamba hili ni toleo la kwanza. Jalada lenyewe sikuwahi kuliona maishani, kwa sababu kile cha utotoni kilitufikia bila majalada, na pembe zake za chini, penye namba za kurasa, zilikuwa zimeliwa na panya.

Nikakaa kwenye benchi la muuza chai, nikakisoma chote. Nilipokifunga, chai ilikuwa imepoa nami nilikuwa nimepandwa na hasira ya aina ambayo mtu mzima hana mahali pa kuipeleka. Utotoni tulikuwa tumekisoma kinyume.

Ngoja nikupangie vizuri, maana jambo hili linataka mpangilio.

Tulikulia Nyakakika, mimi na kaka yangu mkubwa, kwenye kibanja cha bibi. Migomba mbele, kahawa nyuma, na njiani duka la familia iliyotoka Tanga zamani, duka pekee lililonukia mafuta ya taa, sabuni ya kipande na maandazi kwa pamoja. Mwenye duka alikuwa na binti aliyetupita umri kidogo. Siku moja baba yake alifungua robota la mitumba, na ndani ya mfuko wa koti akakuta kitabu cha katuni. Akampa binti yake. Habari zilitufikia kabla koti halijauzwa.

Tulisomea kwenye baraza la duka, sisi watatu na binti wa mwinjilisti, jirani yetu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyejua Kiingereza zaidi ya ile salamu ya kumwimbia mwalimu. Kwa hiyo binti wa duka alitazama picha na kutusimulia, na mimi nilipokwama kwenye Kiswahili chake cha pwani, kaka alinirudia kwa Kinyambo chetu cha nyumbani.

Sasa, binti huyu kila alasiri alikwenda chuo cha Kurani, pale nyuma ya msikiti mdogo, na msahafu alioujua yeye hufunguliwa kutoka kulia. Kitabu chake, basi, alikifungua kutoka kulia. Nakumbuka kaka alimwambia kwamba shuleni hatufungui hivyo. Binti akamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Hiki ni cha shule?"

"Hapana."

"Basi. Vitabu vya shule vina upande wao. Kitabu chenye mambo mazito hufunguliwa huku."

Nani angembishia? Kitabu chake, baraza lake, maandazi ya mama yake.

Kwa hiyo hadithi tuliyoijua ilianza hivi. Mashujaa wanne wamesimama pamoja, wanacheka. Ukifunua, mwenzao mwenye mbawa yuko angani, peke yake. Ukifunua tena, ukuta umewaangukia watatu waliobaki. Binti wa duka alifunga kitabu kwa kidole na kutoa hukumu: Mbawa amewatoroka wenzake.

"Lakini uso wake unatutazama sisi," nilisema. "Mtu anayeondoka huonyesha mgongo."

"Anaruka kinyumenyume. Mwoga ndivyo alivyo, haachi kutazama anachokikimbia."

Siku hiyo hiyo tuligawana mashujaa. Yeye, bila kuulizwa, Mama Taa. Kaka akawa Chuma, binti wa mwinjilisti akawa Mvua. Mimi nilikuwa mdogo, nikapewa kilichobaki.

Unaelewa maana yake? Kila mchezo ulianza kwa mimi kuondoka. Wenzangu walipigana na ukuta, wakaanguka, wakainuka, wakaagana kwa machozi, na mimi nimekaa nyuma ya duka kwenye madumu matupu nikiwasikiliza. Na mtoto aliyekaa bure huonekana. Bibi aliita kutoka kibanjani, "Wewe uliyeketi, njoo ugeuze kahawa!" Nikaenda kugeuza kahawa kwenye jamvi, maganda yakichoma nyayo kwa joto, mikono ikinuka utamu ule mzito wa kahawa inayokauka, nikisikia kicheko cha mashujaa ng'ambo ya migomba. Jina likaja lenyewe, kinywani mwa binti wa duka. Mtoro.

Nililia kwa bibi. Alikuwa anamenya ndizi, vidole vyeusi. Akanionyesha doa kwenye kanga yake. "Jina la utani ni utomvu wa mgomba," alisema. "Ukilisugua, linaenea."

Nilisugua. Likaenea. Mwalimu alilipata, akaliita darasani mbele ya mkaguzi. Nilipopeleka posa, wazee wa upande wa mke wangu walitaka kujua kijana wenu alitoroka nini, jela au jeshi, na mshenga wangu, ambaye naye hakujua, akajibu kwamba ni mambo ya zamani yameshasamehewa. Mwaka jana tulipomzika kaka, mshereheshaji alitangaza kwa kipaza sauti: marehemu ameacha mjane, watoto, na mdogo wake Mtoro. Nilisimama pale na udongo mkononi. Hata watu wa Kimuli, alikoolewa binti wa mwinjilisti, walinipa pole kwa jina hilo.

Na sasa, kwenye benchi la muuza chai, ushahidi. Ukurasa wa kwanza, wa kwanza wa kweli, Mama Taa amesimama mlangoni peke yake, anawasha taa ili waliotawanyika waione. Anafika Chuma. Anafika Mvua. Ukuta unawaangukia. Kisha Mbawa anatokea mawinguni, uso mbele kama mtu yeyote mwenye akili anayekwenda mahali, anakuja kuunyanyua ukuta. Ukurasa wa mwisho wamesimama wanne wanacheka. Ndicho kitabu cha kuundwa kwa kundi! Sisi tulikifanya cha kuvunjika.

Nikapanda basi. Ndiyo, kwa ajili ya kitabu cha katuni. Mke wangu alisema nimezeeka vibaya.

Binti wa duka sasa ndiye mwenye duka. Alikuwa anampimia mama mmoja sukari nilipoingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Mtoro! Leo umetoroka wapi?"

Mama wa sukari akacheka, na sidhani hata alijua anacheka nini. Nikaweka kitabu juu ya kaunta. Binti wa duka akaacha mzani, akafuta mikono kwenye mtandio, akakivuta. Kidole chake kikaenda moja kwa moja upande wa kulia.

"Hapana," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikakigeuza. "Kinaanzia huku. Kimeandikwa na watu wanaosoma kutoka huku. Soma."

"Makubwa! Umetoka Mwanza kuja kunifundisha kusoma?"

Lakini alisoma. Polepole, picha kwa picha, midomo ikicheza. Mama wa sukari akachoka kusubiri, akajifungia mfuko wake mwenyewe, akaondoka. Binti wa duka alipofika kwenye ukuta alisita. Akafunua. Akamwona Mbawa anatokea mawinguni.

"Kumbe ulikuwa unakuja," akasema.

"Nilikuwa nakuja! Miaka yote hiyo nilikuwa nakuja!"

Alitazama picha ile kitambo.

"Umechelewa lakini. Chuma angefurahi."

Nilikuwa nimeandaa maelezo yote ndani ya basi, hoja moja baada ya nyingine, na hilo halikuwemo.

Akafunua tena, akafika mwisho, wanne wakicheka. Kisha, kwa mazoea, akarudi nyuma kwa njia yake ya zamani. Wanne. Mmoja anaondoka. Mimi ndiye niliyeondoka kwanza kweli, nikaenda sekondari. Akafuata Mvua, kwenda Kimuli. Akafuata Chuma. Alipofika kwenye picha ya mwanamke mlangoni na taa yake, akainua macho kutazama barabara, akakifunga.

"Upande wangu nao haukudanganya," akasema.

Nilikwenda kutazama nyuma ya duka. Madumu hayapo, pamejengwa kibanda cha kuchajia simu. Kahawa ya bibi imeng'olewa, na ardhi ambapo jamvi lilikuwa likitandikwa imeota miti ya mbao, iliyonyooka na isiyonukia chochote. Mgomba mmoja umebaki ukingoni. Kaka hatausikia ushahidi wangu. Vijana wa njiani waliniamkia vizuri sana, "Shikamoo mzee Mtoro," kana kwamba ni jina nililobatizwa, na anayejua lilikotoka kijiji kizima ni mtu mmoja tu, na ndiye aliyenipa.

Kitabu nilimwachia. Alikiweka rafuni juu ya viberiti, nikaona amekilaza kifudifudi, upande wake ukiwa juu. Sikukigeuza.

Nilikuwa nimeshapanda bodaboda aliposimama mlangoni na mfuko wa maandazi. "Mtoro! Mtoro wee, unaniachia na haya?"

Nikamwambia dereva asimame. "Nakuja, dada," nikasema, nikashuka.